Kamani ya Bunduki ya Kale

Utamaduni wa taifa si ngoma na vinyago peke yake. Umo pia katika vyombo vilivyoletwa na wageni, ambavyo mikono ya wazee wetu ililazimika kuvizoea. Jambo hili tulilifahamu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulipokuwa watumishi vijana katika ghala la makumbusho, siku tuliyopewa kazi ya kusafisha bunduki ya Kiingereza aina ya Lee-Enfield, ya muundo ulioanza kutumika mwaka 1907.

Bunduki hiyo ilikwisha ondolewa mtambo wake wa kufyatulia, wala haikuwa na hatari. Tulikifungua kifaa chake cha nyuma cha kulengea shabaha: bamba jembamba la chuma lenye namba za yadi 200 hadi 2,000, na juu yake kitelezi kinachosogezwa kwa kubonyeza kitufe. Kutu ilitoka vizuri. Kukirudisha mahali pake ndiko kulikotushinda. Chini ya bamba hukaa kamani bapa, na penye kitufe hukaa kamani nyingine, ndogo mno. Tulibonyeza kwa pupa; ile ndogo ikaruka, ikapotea sakafuni.

Tulishikwa na hofu. Mmoja wetu akashauri tukifunge vivyo hivyo bila ya kamani. Watazamaji wangeiona bunduki nyuma ya kioo tu, na nani angejua?

"Mimi ningejua, wanangu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mzee mlinzi wetu, aliyepata kuwa askari wa King's African Rifles. Alipiga magoti pamoja nasi, akamulika kwa kandili, mpaka kamani ikaonekana katika ufa. Kisha akaanza kazi. Kamani bapa aliikaza kwanza kwa skrubu. Ile ndogo aliifunika kwa kitambaa alipokuwa akiibonyeza, isipate kuruka tena. Mwisho alilikandamiza bamba hadi matundu yakalingana, akapenyeza pini. Vidole vyake havikuhitaji macho.

Alitueleza kwamba mwaka 1944, katika bonde la Kabaw huko Burma, alikisafisha kifaa kama hicho mvua ikinyesha usiku na mchana. Tukamwuliza kama aliipenda bunduki ile.

"Bunduki haikuwa yangu," alijibu, "na vita havikuwa vyangu. Lakini nilichojifunza ni changu."

Kibandiko cha bunduki kilitaja Uingereza na mwaka. Mikono iliyoibeba haikutajwa. Siku ile tulimwomba mzee ruhusa ya kuandika maneno yake, naye akakubali.

Mzee huyo amekwisha fariki, na wenzake karibu wote. Kwa hiyo twawaasa walimu na wanafunzi: mnapokishika chombo cha kale, msiulize tu kilitengenezwa wapi. Ulizeni pia ni nani aliyekibeba, na mwandike jibu mapema.