Chuo kinamtaka baba, mama naye apewe kazi?

KILA mwanafunzi wa udaktari hukutana na jina la Cori akiwa bado kwenye miaka ya mwanzo ya masomo. Ni jina la mzunguko. Misuli ikifanya kazi kwa nguvu huchoma sukari na kubakiza laktiki, damu huibeba laktiki hiyo hadi kwenye ini, ini huigeuza kuwa sukari tena na kuirudisha kwenye misuli. Wengi huukariri kwa ajili ya mtihani bila kujua kwamba Cori hakuwa mtu mmoja. Walikuwa mke na mume, Gerty na Carl, waliosoma udaktari pamoja mjini Prague na kufunga ndoa mwaka 1920, mwaka uleule waliohitimu.

Mwaka 1922 walihamia Marekani wakafanya kazi kwenye taasisi moja ya utafiti wa saratani mjini Buffalo. Mkuu wa taasisi hakupenda kumwona mke akitafiti bega kwa bega na mumewe, akamtishia Gerty kwamba akiendelea atafukuzwa. Waliendelea. Mwaka 1929 wakautangaza ule mzunguko, na vyuo vikuu vikaanza kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba vilikuwa vinabisha hodi kwa Carl peke yake. Chuo kimoja kilikuwa tayari kumwajiri, lakini kwa sharti la kuacha kufanya kazi na mkewe. Siku ya ziara, Gerty alivutwa pembeni akaambiwa anamharibia mumewe maisha, na kwamba mume kufanya kazi na mke si jambo la Kimarekani. Mama wa watu alilia. Carl aliikataa kazi ile.

Hatimaye, mwaka 1931, Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis kiliwachukua wote wawili. Carl alipewa uongozi wa idara. Gerty, mwenye shahada ileile na jina kwenye tafiti zilezile, alipewa cheo cha mtafiti wa kawaida na mshahara wa moja ya kumi ya ule wa mumewe. Alizaa mtoto wao wa kiume mwaka 1936 akiwa kwenye cheo hichohicho. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1947, baada ya miaka 16, na mwaka huohuo yeye na Carl wakashinda Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo upande wa tiba.

Sheria iliyolenga undugu ikawapata wake

Ili kuelewa kwa nini alitendewa hivyo, ni lazima kujua kwamba vyuo vingi vya Marekani wakati ule vilikuwa na kanuni ya kuzuia watu wa familia moja kuajiriwa pamoja. Lengo lilikuwa zuri: kuzuia kile ambacho Watanzania wanakiita undugunaizesheni. Nani anataka mtoto wake afundishwe na mtu aliyeingia kwa mbeleko? Lakini kwa kuwa mume ndiye aliyekuwa akiajiriwa kwanza, kanuni hiyo haikumgusa yeye. Ilimgusa mke, na mara nyingi mke huyo hakuwa amebebwa na yeyote.

Maria Goeppert Mayer, mwanafizikia, aliingia Marekani mwaka 1930 akiwa na shahada ya uzamivu na mume mwenye kazi ya chuo. Kwa miaka mingi alizunguka na mumewe kutoka chuo hadi chuo, akipewa ofisi bila mshahara au malipo ya kujikimu tu. Pale Chicago walimpa hata jina la profesa, ila bila ujira. Utafiti uliompa Nobel aliufanya katika kipindi hicho. Nafasi ya profesa yenye mshahara kamili aliipata mwaka 1960, na Nobel ikafuata mwaka 1963. Siku hiyo gazeti moja la mjini kwake liliandika kwamba mama wa San Diego ameshinda Nobel. Mama! Kwa mume wasingeandika baba.

Mwaka 1971 chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani kilitoa tamko la kupinga kanuni hizo, na taratibu zikafutwa. Ndipo mambo yalipogeuka. Vyuo vilivyokuwa vikikataa wanandoa vikaanza kuwatafuta.

Inavyofanyika leo

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2008, uliohusisha takriban wahadhiri 9,000 wa vyuo vikuu 13, ulionyesha kuwa asilimia 36 ya wahadhiri wana mwenza ambaye naye yuko kwenye kazi ya chuo. Ajira za wawili kwa pamoja zilikuwa asilimia 3 ya ajira zote miaka ya 1970, zikafika asilimia 13 kuanzia mwaka 2000.

Si ajabu. Watu hukutana walipo. Anayekaa maabara miaka sita akitafuta shahada ya uzamivu ataoa au kuolewa na nani kama si mwenzake wa maabara? Shida huanza baada ya harusi, kwa sababu nafasi za kudumu za kufundisha ni chache na zimetawanyika. Mama anapata Ohio, baba anapata Arizona. Vyuo vingi vikubwa viko kwenye miji midogo ambako ukitoka nje ya geti la chuo hakuna mwajiri mwingine wa kumpa kazi mtu mwenye uzamivu wa vinasaba.

Basi chuo kikimpenda mwombaji fulani, kikampa barua ya ajira, huyo mwombaji hujibu: nashukuru, lakini nina mwenza. Mkuu wa idara humpigia mkuu wa kitivo, naye huipigia idara nyingine. Vyuo kadhaa vina utaratibu wa kugawana mshahara wa huyo wa pili mara tatu kwa miaka ya mwanzo: theluthi inatoka kwa idara iliyomtaka wa kwanza, theluthi kwa idara inayompokea, theluthi kwa uongozi wa chuo. Mwenza analetwa, anatoa mhadhara, anahojiwa, na mambo yakienda vizuri anaajiriwa. Tangazo la kazi halitoki. Mwombaji mwingine hayupo.

Hapo ndipo kelele huanza, na wanaozipiga wana hoja.

Mtu asiye na mke wala mume hana cha kuombea. Aliyeolewa na fundi umeme au muuguzi naye hana. Chuo hakimtafutii fundi umeme nafasi, kinamwambia tu mji ni mzuri. Lakini anayeumia zaidi, na ambaye hutajwa mara chache, ni mhadhiri wa mkataba aliyeko ndani ya idara ileile. Amefundisha kozi za mwaka wa kwanza kwa miaka saba, analipwa kwa kozi, muhula ukiisha hajui kama ataitwa tena. Kila akiuliza kuhusu nafasi ya kudumu anajibiwa kwamba bajeti haipo. Kisha siku moja asubuhi bajeti inapatikana, ndani ya wiki mbili, kwa mtu ambaye hakuiomba idara hiyo kazi. Mhadhiri huyo huenda naye ana watoto na ada. Huwezi kumwambia kwamba hii ni hatua ya kuwasaidia wanawake akakuelewa, hasa kama yeye mwenyewe ni mwanamke.

Upande wa pili nao una lake. Utafiti uleule wa Stanford haukukuta kwamba walioajiriwa kama wenza ni wazembe au wana tafiti hafifu kuliko wenzao. Na bila utaratibu huu, mmoja hubaki nyumbani au hubebeshwa vipindi vya mkataba, na historia ya Gerty na Maria inaonyesha ni nani hubaki.

Kwa hiyo tofauti ya haki na upendeleo hapa haiko kwenye cheti cha ndoa. Iko kwenye mambo ya kawaida kabisa: je, mwenza amepewa nafasi mpya, au nafasi iliyotangazwa na watu wakaiomba kwa jasho imechukuliwa kimyakimya? Je, idara inayompokea ilikuwa na uhuru wa kusema hapana? Je, yule mhadhiri wa mkataba naye aliruhusiwa kupimwa? Na je, utaratibu umeandikwa mahali ambapo kila mwombaji anausoma, au unajulikana na wale tu waliosoma kwenye vyuo vikubwa ambako walimu wao waliwanong'oneza namna ya kuomba? Chuo kinachoficha jambo hili kinamtendea ubaya hata huyo mwenza, kwa sababu ataitwa mke wa fulani kwenye kila kikao hadi anastaafu.

Pete kwenye usaili

Kuna swali ambalo linawanyima usingizi wengi: waseme lini? Wakisema mapema wanaweza kukatwa kabla ya kupimwa. Wakisema wakiwa na barua mkononi wanaonekana wajanja. Mwanasosholojia Lauren Rivera aliifuatilia kamati za ajira ndani ya chuo kimoja cha Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 2017. Alichokiona ni kwamba wajumbe walijadili hali ya ndoa ya waombaji wa kike, na mwanamke ambaye mume wake ana kazi nzito walimhesabu kuwa hatahama, hivyo wakamweka pembeni. Mwanamume mwenye mke wa aina hiyo hawakumuuliza. Walidhani mke atafuata tu.

Watumishi wa umma wa hapa nyumbani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mwalimu yuko Newala, mume muuguzi yuko Sengerema, barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza imeambatanishwa na nakala ya cheti cha ndoa, na jibu linasubiriwa. Wengine huamua kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Hata hivyo, mwalimu na muuguzi hawa wako chini ya serikali moja yenye vituo nchi nzima. Marekani kila chuo ni mwajiri peke yake. Hakuna ofisi ya kupeleka barua, kuna mazungumzo tu na mwenye nafasi, na anayejua kuzungumza ndiye anayepata.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda huko kusoma uzamivu na kufunga ndoa na wanafunzi wenzao huingia kwenye mchezo huu bila mtu wa kuwaelekeza, tena visa ya mmoja ikiwa imeshikamana na ajira ya mwenzake. Mzazi aliyeko Moshi au Kisumu anaambiwa kwa simu kwamba mkwe amepata kazi na binti bado anatafuta. Anashangilia nusu ya kwanza.

Katika ule utafiti wa Stanford, wahadhiri waliulizwa kazi ya nani ndiyo ya kwanza nyumbani kwao. Nusu ya wanaume walijibu kwamba ni ya kwao. Wanawake waliojibu hivyo walikuwa asilimia 20. Majibu hayo hayaanzii chuoni. Huanzia mezani, siku barua ya kwanza inapofika, mtoto akiwa amelala chumba cha pili na hajui kama mwakani ataishi na wazazi wawili au na mmoja anayempigia simu ya video kila jioni. Kwa kawaida chuo hutoa wiki mbili hivi za kujibu.