Macho ya Mjomba

Msomaji kijana, macho ni neema ambayo mwenye nayo huisahau. Mimi niliisahau mpaka siku ile mjomba wangu aliponiomba nimsomee barua.

Mjomba alikuwa mwalimu Bungoma, na ndiye aliyenifunza herufi kwa kuzichora mchangani kwa kijiti. Mimi nafundisha Kitale. Shinikizo la damu, lililokaa miaka mingi pasipo kutibiwa sawasawa, liliharibu figo zake. Figo ni vichujio vya mwili, kila moja kadiri ya ngumi; zikishindwa, taka na maji hubaki mwilini. Basi mara tatu kwa juma mjomba alilala kando ya mashine kwa saa nne, damu yake ikitoka, ikichujwa na kumrudia. Daktari Willem Kolff aliunda mashine ya namna hiyo huko Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Siitukani mashine, bila hiyo tungalimzika mjomba zamani.

Lakini tiba hii ina masharti. Mgonjwa hupimiwa maji ya kunywa, na chai pia ni maji. Nami kila Jumamosi nilishuka Bungoma na chupa ya chai ya maziwa, nikidhani natenda wema. Mjomba alikunywa yote, maana kiu ilimtesa. Maji yanayozidi hayana budi kutolewa na mashine. Yakitolewa mengi kwa muda mfupi, shinikizo la damu huweza kushuka ghafula. Hapo mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda ubongoni huweza kukosa damu ukafa, tena pasipo maumivu.

Mara kadhaa mjomba aliona ukungu baada ya tiba, akanyamaza. Alfajiri moja aliamka akadhani ni usiku bado. Jicho la kulia lilikuwa giza. La kushoto lilibakiwa na mwanga mdogo. Daktari alitueleza kwamba mshipa uliokufa haufufuki, ila kilichosalia chaweza kulindwa.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Niliona aibu, mpwa wangu. Mwalimu mzima nimeshindwa na kiu, niseme nini mbele ya wauguzi?"

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Mjomba hakufichuliwa na kifo. Alifichuliwa na giza. Wala aibu haikuwa yake peke yake, kwa kuwa mimi nami sikuuliza ni kipi kimruhusiwacho.

Nyumbani kwako akiwapo mgonjwa, uliza kabla ya kumpa. Akisema macho yake yana ukungu, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Siku hizi Jumamosi humpelekea gazeti. Namsomea kurasa zote, naye hunirekebisha nikosapo matamshi, kama zamani. Kikombe chake ni kidogo, tena tunakipima pamoja.