Yashica ya shilingi 1,800

Wiki hii hakuna habari za programu. Waliokuwa wakisubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanivumilie, nilikuwa na kazi nyingine mezani. Nilikuwa nafufua kamera.

Siyo kamera ya simu, wala ile kubwa ya dijitali wanayoibeba vijana wa harusi. Nazungumzia renjifainda, kamera ya filamu. Kwa wasioijua: ukichungulia kidirishani unakiona kitu mara mbili, picha mbili zimeachana kidogo. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Zikilaliana, umbali umepatikana, bonyeza. Leica ndiye mfalme wa kamera hizi, na bei yake hapa Trans Nzoia unanunua ng'ombe wa maziwa na chenji inabaki. Lakini Wajapani walitengeneza za watu wa kawaida pia, na ninayoipenda ni Yashica Electro 35. Ya kwanza ilitoka 1966. Aina ya GSN, ndiyo hii yangu, ilitoka 1973. Lenzi yake inafunguka mpaka f/1.7, kwa hiyo hata sebuleni kwenye mwanga hafifu inajitahidi bila flashi.

Niliipata Kitale kwa mzee aliyekuwa akipiga picha za harusi, mazishi na vitambulisho tangu kabla sijazaliwa, mpaka simu zikamnyang'anya kazi. Alitaka elfu tatu, tukaelewana 1,800 na sharti moja juu. "Ikifufuka, kijana wangu, unipige mimi kwanza." Mtu aliyepiga picha nusu ya mji hana yake hata moja, ila ile ya kitambulisho. Tena ni mgonjwa wa figo, anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hii haikuwa kazi ya kuahirisha mpaka Desemba.

Basi, nini huwa kimekufa ndani ya kamera hizi? Mara nyingi siyo chuma wala kioo. Vinavyokufa ni vitu laini: sponji, raba na betri. Nilipofungua mlango wa nyuma, sponji ya kuzuia mwanga ilikuwa imegeuka lami, inanata vidoleni. Niliikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, kisha nikalaza mferejini uzi mweusi wa sufu, ule wa kufumia sweta za shule. Shilingi hamsini, na uzi mwingi umebaki.

Betri ni kisa kingine. Kamera ilitengenezwa kutumia betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Lakini betri nne za LR44, zile ndogo za vikokotoo na midoli, zikipangwa moja juu ya nyingine zinatoa volti 6. Unazifunga kwa karatasi, unajaza nafasi iliyobaki kwa springi ya tochi. Hiyo 0.4 ya ziada Yashica haiulizi. Bila betri kabisa, shata hufyatuka kwa kasi moja tu, 1/500, na ndiyo maana wengi huuziwa wakiambiwa "inafanya kazi kabisa".

Lililobaki lilinishinda mikono. Ukivuta wenzo wa filamu kwenye Electro iliyo nzima, unasikia mlio ndani: ko! Yangu ilikuwa kimya. Kuna kipande kidogo cha raba ambacho fimbo moja ya ndani hukigonga. Kikioza, shata haishiki muda wake na picha zinaungua kwa mwanga. Mwisho wa mwezi nilipokwenda nyumbani Bungoma, nikapanda matatu ya kupitia Kiminini na Webuye nikiwa nayo mapajani, nikampelekea fundi wa saa ninayemjua tangu shule ya msingi. Hakuwahi kufungua Yashica. Nilimwonyesha michoro kwenye simu, akaitazama mara moja akaniambia niiweke kando, ataisikiliza mwenyewe. Saa mbili alikuwa kimya na kioo chake jichoni. Halafu akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakigundisha, akavuta wenzo.

Ko.

Nimesoma kompyuta miaka minne na sijawahi kusikia programu ikijibu vizuri hivyo.

Nikarudi Kitale kupima umbali. Unahitaji kitu cha mbali sana, na hapa tuna Mlima Elgon, bure. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mawingu, nikaweka lenzi mwisho wa pete. Picha mbili za mlima ziliachana kama unywele. Skrubu moja ndogo chini ya kifuniko cha juu, robo mzunguko, zikalaliana.

Wewe ukitaka kununua, sikiliza huo mlio kwanza, kisha elekeza lenzi kwenye mwanga uangalie kuvu, na ufungue chumba cha betri. Kutu ya kijani kidogo inasafishika kwa siki. Kuvu iliyokwisha kula kioo, mrudishie mwenyewe kamera yake.

Filamu niliiagiza Nairobi, na kuinunua pamoja na kuisafisha kulinigharimu kuliko kamera yenyewe. Mzee alivaa koti na kofia, akakaa chini ya mparachichi wake, akanielekeza mimi: sogea kushoto, jua liko nyuma yangu, ngoja wingu lipite. Nilimpiga tatu.

Zilirudi baada ya siku kumi na moja. Siku hiyo alikuwa ametoka hospitali, amechoka, lakini alikaa akaitazama ya pili kwa muda mrefu. Akasema nimemkata viatu. Kisha akauliza negativu ziko wapi, na nilipompa, akamtuma mjukuu alete kopo la biskuti lililojaa harusi za watu, akaziweka humo.