Nyasi Zinazokubali Kufukiwa

Gatuanyaga, kwetu, haina pwani. Ina jua, ina udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, na ina mlima wa Kilimambogo upande wa mawio. Bahari iko mbali nasi. Lakini kila mvua inaponyesha, kipande cha nchi yetu hufunga safari ya kwenda kuwa ufuo.

Maji ya upande mmoja hushukia Mto Thika, nao huyapeleka Tana, hadi Kipini. Ya upande wa pili huingia Athi, huporomoka pale Fourteen Falls, kisha mto hubadilishwa jina njiani, ukawa Galana, ukawa Sabaki, ukatokea kaskazini ya Malindi na maji yake mekundu. Je, mto uliopoteza jina mara mbili ni ule ule?

Karibu na mlango wa Sabaki, kuelekea Mambrui, upepo huokota mchanga na kuurundika vilima. Hapo huota nyasi ngumu zinazodumu miaka, ambazo wataalamu huziita Halopyrum mucronatum. Ni za mwambao huu tangu zamani, kutoka Bahari ya Shamu hadi Msumbiji. Katika jenasi yao hazina ndugu. Zimo peke yao.

Ukiinama utaona kazi yao. Upepo ukigusa majani hupungua kasi, na mchanga uliobebwa huanguka shinani. Punje kwa punje, shina humezwa. Kifundo chake kilichozikwa hutoa mizizi, kisha chipukizi hupenya na kutoka juu, ili lifukiwe tena. Kilima hukua kwa sababu nyasi zimekubali kuzikwa, na hazikukubali kubaki chini.

Ningependa kusema kwamba hilo hunifariji. Halinifariji.

Baba tulimzika shambani, kwenye mteremko. Tuta la kaburi lilikuwa refu, limesawazishwa kwa jembe na kupigwapigwa kwa mgongo wa sepetu. Kila masika limekuwa likishuka. Maji huchora mifereji midogo ubavuni mwake, hubeba udongo hadi kwenye korongo, na korongo lina njia yake ya kufika mtoni. Wazee husema tuta likishuka ni ishara kwamba marehemu ametulia. Huenda. Au huenda ni mvua tu, na sisi ndio tunaotaka kutulia?

Alichoota baba hakikuota tena. Kicheko chake hakina kifundo. Basi nyasi zile zinanifundisha nini mimi, niliyefukiwa na jambo moja tu, na bado ninatafuta pa kutokea?

Pengine hazifundishi. Zinashika tu. Haziulizi udongo umetoka shamba la nani, umeliliwa na nani, uliwahi kumfunika nani. Tunachokiita hasara huku juu, kule chini watoto hukikimbilia na kuteleza juu yake wakicheka. Sioni haki katika hilo, wala sioni uonevu. Naona mteremko.

Nyasi hizo huvumilia chumvi, ukame na kuzikwa. Hazivumilii kukanyagwa kila siku kwa miguu na magurudumu. Zikikatika, upepo huuchukua mchanga wote tena. Kwa hiyo, msomaji wangu, siku ukifika Mambrui, tafadhali pita kando yao.