Karatasi Mpya ya Wamotari wa Barabara ya Buta

Wamama wenzangu, wengi wenu mmeniuliza kuna nini ndani ya karatasi waliyotuletea vijana. Nawajibu hapa mara moja, nisije nikaeleza nyumba kwa nyumba. Ni kanuni mpya za mbio za pikipiki wanazozifanya wenyewe kwa wenyewe kwenye barabara ya zamani ya Buta, mvua inapopungua. Hapo nyuma hazikuwa na kanuni yoyote. Mwenye pikipiki alikuja, wa kuazima alikuja, wote waliondoka pamoja, na wa kwanza kufika alibebwa juu juu. Sasa wameandika makundi, umri, mavazi na namna ya kuanza, na wametuomba sisi akina mama tuseme neno letu kabla msimu haujafunguliwa. Chama kilinituma nikae nao. Nimekaa nao Jumapili mbili. Mimi si mpenzi wa mbio hizo, hilo wanalijua, lakini watoto ni wetu na barabara ni yetu, kwa hiyo nilisoma kila mstari.

Kutoka hapa Masako hadi mjini ni kilomita kama 15 za udongo. Alfajiri baiskeli zinapita na magunia ya makala, mihogo na sombe. Jioni zinarudi na chumvi, sabuni na mafuta. Kisangani ilijulikana kwa toleka, baiskeli za kubeba watu, kabla pikipiki hazijachukua abiria wao. Leo pikipiki ile ile inayompeleka mgonjwa hospitali siku ya kazi ndiyo inayoshindana Jumapili. Hapo ndipo jambo hili linapoingia jikoni kwetu. Pikipiki ya mbio za Ulaya ikivunjika, yupo tajiri wa kulipa. Yetu ikivunjika, imevunjika likelemba ya mama fulani.

Mnakumbuka kijana wa miaka 16 aliyeanguka mwaka jana. Aliondoka katikati ya kundi, vumbi likamficha aliyekuwa mbele yake, akamgonga kwa nyuma. Mguu ulivunjika na uma wa mbele wa pikipiki ukapinda. Pikipiki hiyo mama yake aliinunua kwa zamu yake ya likelemba na kwa bei ya mbuzi wawili. Miezi minne nyumba ile haikuona malipo ya jioni. Jina sitalitaja, mwenyewe amechoka kuulizwa.

Nianze na makundi, maana hapo vijana wamefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Wameweka matatu: injini hadi 110, injini za 125, na zinazozidi 125. Hakuna tena kijana wa 110 kuikaba pikipiki ya 150 hadi injini inatoa moshi, kwa sababu tu anaona aibu kuachwa. Kundi linampa mtu wa kushindana naye aliye saizi yake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1907, katika kisiwa cha Isle of Man kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mbio za pikipiki za Tourist Trophy zilipoanza, makundi yalikuwa mawili: injini za silinda moja na injini za silinda mbili. Na kila kundi lilipewa kipimo cha mafuta. La silinda moja lilitakiwa litembee karibu kilomita 32 kwa lita moja, la silinda mbili karibu kilomita 26 na nusu. Aliyekwenda mbio ovyo angemaliza mafuta yake njiani. Nilipowasomea vijana habari hii walicheka, lakini mimi niliipenda sana. Ingefaa wanawake wangekuwa ndio walioitunga, kwa jinsi inavyofanana na kugawa mafuta ya kupikia.

Ugumu wa makundi ni udanganyifu. Nje pikipiki inasema 125, ndani imefungwa silinda ya 150. Nilimwendea fundi wetu wa hapa njiani nikamuuliza kama yuko mtu anayeweza kujua. Alitoa bastola mbili juu ya gunia, yaani zile za ndani ya injini, si za askari, akaniwekea rula. Pikipiki nyingi za 125 zinazotembea hapa zimefuata muundo wa Honda CG: upana wa bastola ni milimita 56.5, na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni 49.5. Ile ya 150 ya muundo huo mwendo wake ni ule ule, lakini upana ni milimita 62. Kwa hiyo tofauti yote iko kwenye milimita tano na nusu. Fundi akifungua kichwa cha injini baada ya mbio, hata mtoto wa shule atapima. Vijana wamekubali kwamba mshindi wa kila kundi afunguliwe injini mbele ya watu. Gharama ya gasketi mpya itatoka kwenye kiingilio. Hilo la gasketi nililidai mimi, kwa sababu nilijua itarudi kwa mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki mara nyingi ni mama.

Sasa umri. Karatasi yao inasema miaka 16. Sisi tumesema 18, na hapo tumebishana hadi giza likaingia. Walinijibu kwamba Wahispania na Waitaliano wanaanza wakiwa watoto wadogo kabisa, wamewaona kwenye simu. Ni kweli wanaanza wadogo. Lakini simu haikuwaonyesha yote. Mwaka 2021 walifariki vijana watatu katika mbio za Ulaya ndani ya miezi minne. Mwezi wa tano Jason Dupasquier wa Uswisi, miaka 19. Mwezi wa saba Hugo Millán wa Hispania, miaka 14. Mwezi wa tisa Dean Berta Viñales, naye wa Hispania, miaka 15. Hao walikuwa na viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo, madaktari pembeni, mavazi ya ngozi ya kuwafunika mwili mzima. Baada ya hapo shirikisho la dunia la pikipiki, FIM, lilitangaza kwamba kuanzia 2023 umri wa chini kwenye mashindano ya dunia utakuwa miaka 18. Vilevile waliona hatari ya kuwa na pikipiki nyingi za nguvu sawa zilizobanana pamoja, kwa sababu anayeanguka katikati hana pa kukimbilia na wa nyuma hana nafasi ya kumkwepa.

Niliwaambia: wenye viwanja wamepandisha umri, ninyi wenye mashimo na mbuzi barabarani mnataka kuushusha? Na kwetu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwita mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mmoja wao akanijibu, kwa heshima, "Mama, huyo mtoto wa miaka 16 anabeba abiria kila siku na hakuna anayemkataza." Jibu lake liliniuma kwa sababu ni la kweli. Lakini nilimwambia kwamba kubeba abiria polepole kwa sababu ya njaa, na kukimbia kwa sababu ya sifa, si mzigo mmoja, na kwamba huo wa kwanza nao tutaujia siku yake.

Kuhusu kuanza, kanuni mpya ni hii: hakuna tena kuondoka pamoja. Kila mmoja ataondoka peke yake, na saa itahesabu. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Isle of Man wanafanya hivyo hivyo hadi leo, anaondoka mmoja, zinapita sekunde 10, anaondoka mwingine, kwa sababu barabara zao ni nyembamba zenye kuta na nyumba. Sisi tumeomba dakika moja nzima, ili vumbi lilale. Kijana yule wa mwaka jana vumbi ndilo lililomponza. Wamekubali dakika moja bila ubishi, na naona wamefurahi, maana mbio zitakuwa ndefu na watazamaji watakaa zaidi.

Lakini msidhani kwamba saa inaondoa kifo. Katika kisiwa hicho watu zaidi ya 250 wamekufa kwenye njia ile ya mlimani tangu mwaka 1911. Tena mbio zilipelekwa huko kwa sababu Uingereza kwenyewe sheria haikuruhusu kufunga barabara za umma kwa ajili ya mashindano. Bunge la kisiwa ndilo lililopitisha sheria ya kuzifunga. Hilo nililirudia mara mbili kwenye kikao, maana karatasi ya vijana haina hata mstari mmoja kuhusu nani atafunga barabara. Wao waliandika tu "vijana wenye vitambaa vyekundu watasimamisha watu". Kitambaa chekundu si ruhusa. Mama anayetoka shambani na kikapu mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, haoni kitambaa, anaona ardhi. Tumesema bila barua ya chifu, ya sekta na ya polisi wa barabarani, yenye saa ya kufunga na saa ya kufungua, chama hakikubali mbio hizo na tutasema hivyo kanisani na msikitini.

Niliwaeleza pia kwamba Uganda mbio nyingi za vijana ni za motokrosi, ambazo hukimbiwa kwenye kiwanja cha udongo kilichotengwa, mbali na barabara, na watoto wanaanzia kwenye pikipiki ndogo za 50, wakikua wanapanda kundi. Mimi ningependa hivyo. Vijana wakasema kiwanja kinataka kufyeka, na nani atawapa ardhi? Kwenye hifadhi ya msitu wa Masako, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanafanya utafiti wao, hakuna ruhusa ya kukata mti kwa ajili ya mchezo, na mashamba yaliyobaki ndiyo tunayokula. Hapo sikuwa na jibu la kuwapa. Mwenye wazo alilete.

Mavazi sitayasema sana: kaske yenye mkanda uliofungwa, viatu vya kufunika mguu, mikono mirefu, hakuna abiria. Zawadi ilikuwa kreti ya bia. Tumeibadilisha kuwa mafuta ya injini na kaske mpya. Walinuna, wakakubali.

Limebaki la wasichana. Yupo binti wa hapa, miaka 22, anayebeba abiria hadi Makiso na kurudi, mnamjua wote. Anataka kukimbia kwenye kundi la 125. Karatasi inasema wasichana watakuwa na kundi lao na njia fupi, nusu ya ile ya wavulana. Yeye yuko peke yake. Kundi la mtu mmoja ni kumwambia kwa adabu akae nyumbani. Nilipowauliza sababu, walisema, "Akianguka, watu watasema nini?" Yule binti akajibu mwenyewe: "Abiria hawaniulizi kama mimi ni msichana, wananiuliza bei."

Mwaka 1962 mwanamke Mwingereza, Beryl Swain, alikimbia Isle of Man peke yake juu ya pikipiki ya 50, akamaliza. Baadaye wakuu wa mchezo wakamnyang'anya leseni ya kimataifa, na mwanamke mwingine hakuendesha katika mbio zile hadi mwaka 1978. Miaka 16 ilipotea kwa kanuni moja. Kisha mwaka 2018 Mhispania Ana Carrasco alishinda ubingwa wa dunia wa kundi la 300 akishindana na wanaume, wote pikipiki za nguvu zinazokaribiana. Mwaka 2024 FIM ikaanzisha ubingwa wa dunia wa wanawake peke yao, na ni yeye tena aliyeushinda. Kwa hiyo sikatai kundi la wanawake. Siku tukiwa na wasichana sita au saba wenye pikipiki, liwepo, wapate kujulikana na kujifunza. Lakini kundi hilo la dunia ni mlango wa nyongeza, halikufunga mlango mwingine. Letu lingemtoa binti kwenye kundi la injini yake na kumpa nusu ya barabara. Nusu ya barabara anaifahamu tayari, anaipita kila siku ikiwa kamili.

Mstari huo umefutwa. Ataondoka kwa saa kama wengine, kwenye 125, na akishinda injini yake itafunguliwa kama ya wengine.

Kikao cha mwisho ni Jumamosi hii saa nane mchana, pale pale kwa fundi. Kilichobaki ni ule umri: wao wanasema 16, sisi 18. Kila mama mwenye kijana wa miaka 16 au 17 aje aseme mwenyewe, kwa sababu vijana wameniambia kwamba wapo mama watatu ambao wameshatoa ruhusa, na majina walikataa kunipa.