Shukrani na Moyo wa Kuridhika

Wahenga walinena kuwa asiyeshukuru kidogo hatashukuru kikubwa. Methali hii nimeifundisha mara nyingi hapa Kigali, nikaieleza maana na matumizi yake, nikaitungia na maswali ya mtihani. Lakini nakiri mbele yenu, walimu wenzangu, kuwa kwa miaka mingi niliifundisha bila kuijua.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Sisi tuliokuwa tukikifundisha kabla ya hapo, wakati wengi walipokiona kuwa ni lugha ya sokoni na ya mitaa ya Nyamirambo tu, tulifurahi mno. Mimi nilifurahi zaidi, kwani nilitumaini kukabidhiwa uongozi wa idara ya lugha katika shule niliyokuwamo. Nafasi ile akapewa kijana mwenye shahada, nami mwenye diploma nikabaki na chaki yangu. Kila asubuhi nilimwamkia kwa kinywa, moyo ukimnung'unikia. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba. Jumatatu nikarudi kazini na uchungu ule ule.

Agosti 2022 Serikali iliongeza mishahara ya walimu, nasi wa sekondari wenye diploma tukaongezewa asilimia 40. Nilidhani sasa nitatulia. Haikupita miezi mitatu nikawa naihesabu ile asilimia 88 waliyoongezewa wenzetu wa shule za msingi, utadhani wameichukua mfukoni mwangu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kuwa ugonjwa wangu haukuwa wa fedha.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, bibi mjane anayelima mchicha, ambao huku kwetu huitwa dodo, katika kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 alimpoteza mumewe na watoto wawili. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, tulikuwa tukizibua mtaro pamoja, nami nikamwaga malalamiko yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha nikathubutu kumwuliza: "Mama, kila alfajiri nakusikia ukimshukuru Mungu. Unashukuru nini?"

Akaegemea jembe lake, akasema: "Mwanangu, siyashukuru yaliyotupata. Anayetaka niyashukuru hayo anataka niseme uongo, na Mungu hahitaji uongo wangu. Nashukuru kwa kuwa kumekucha, na kwa kuwa ninaye jirani wa kuniazima jembe. Hayo sikuyanunua."

Jembe lile, kweli, lilikuwa langu. Nilikuwa nimelisahau.

Ndugu wasomaji, katika nchi yetu neno neema halitamkwi kwa wepesi. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulianzia Gahini, kando ya ziwa Muhazi, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na neema ilikuwa kiini cha mahubiri yake. Hata hivyo mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo. Makanisa ya Nyamata na Ntarama leo ni mahali pa kumbukumbu. Kwa hiyo mtu anayenena habari za shukrani hapa sharti aseme kweli, kama alivyosema bibi yule, ama anyamaze.

Maneno yake yalinirudisha kwenye kazi yangu, yaani lugha. Katika Kinyarwanda neno ubuntu lina maana ya utu na ukarimu, na ndilo linalotumika pia kwa neema ya Mungu. Kitu kinachotolewa bila malipo husemwa kuwa kimetolewa ku buntu. Tunaposhukuru twasema murakoze, yaani mmetenda. Nayo asante yetu ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu, ahsanta, yaani umetenda vyema. Tazameni basi: maneno yote mawili hayakitaji kitu kilichotolewa wala kipimo chake, bali humwelekea yule aliyetenda. Mwenye kunung'unika hutazama kibaba, lakini mwenye kushukuru hutazama mkono uliokijaza. Mimi miaka yote ile nilikuwa nikitazama kibaba.

Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, alieleza kuwa kuridhika ni jambo alilojifunza. Kwetu sisi walimu hiyo ni faraja kubwa, kwa sababu somo laweza kurudiwa na mwanafunzi aliyeshindwa.

Wala nisieleweke vibaya. Kuridhika si kunyamazia dhuluma, na mwalimu aliyenyimwa haki yake na aidai. Lakini nimeona kuwa adaiye haki kwa moyo wa shukrani hulala usingizi usiku, na adaiye kwa kijicho, hata akipewa, halali.

Jumatatu iliyofuata nilimwendea kiongozi wangu kijana. Mwaka 2019 nilipolazwa hospitali kwa wiki mbili, yeye ndiye aliyefundisha vipindi vyangu vyote na kuyasahihisha madaftari, nami sikuwahi kumpa hata neno moja. Siku ile nikampa. Akashangaa kidogo, akasema: "Mwalimu, mimi nilidhani hukujua kuwa ni mimi."

Nilijua. Ndilo lililonitia haya kuliko yote.

Nafasi ile bado ni yake, na diploma yangu bado ni diploma. Muhula ujao nitaifundisha tena methali ile ile kwa kidato kipya, nami natumaini safari hii mwalimu wao atakuwa amekwisha kuidurusu kabla yao.