Maua ya Balkoni

Mwaka jana nilipohamia keja mpya nilinunua mmea kwa wale wauza miche wa kando ya barabara. Vishada vya rangi ya machungwa, katikati manjano. Jamaa akanihakikishia: jua kali sawa, ukisahau maji wiki nzima sawa. "Hii haikufi, boss."

Najua haikufi. Kwetu Homa Bay tunaiita nyabend winy. Winy ni ndege, na ndege ndio wanaoisambaza: wanakula matunda yake meusi, kisha wanapanda mbegu popote wanapojisaidia. Jina lake la kitabuni ni Lantana camara. Asili yake ni Amerika ya joto, ikapelekwa duniani kote kwa sababu ya urembo, na leo iko kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi. Kule kwetu imemeza malisho. Upande wa Lambwe mbung'o wanajificha ndani ya vichaka vyake.

Lakini si hayo niliyoyafikiria nikilipa mia mbili zangu. Nilifikiria Ndhiwa.

Ndhiwa alikuwa mtamba mwenye mimba, kahawia na mabaka meupe, tuliyemwita jina la mahali Baba alikomnunua. Maziwa yake yangemlipia dada yangu karo ya kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kazi moja tu: kumlisha. Ilikuwa kiangazi. Siku hiyo kulikuwa na mechi, nikamfunga kando ya ua, kamba fupi ili asiingie kwa mahindi ya wenyewe, nikaenda zangu.

Ng'ombe aliyezaliwa kwetu hawezi kugusa mmea huo, labda njaa imzidi. Mgeni hajui. Siku mbili baadaye Ndhiwa aliacha kula, akawa anakimbilia kivuli. Macho yakageuka manjano. Halafu ngozi ikaanza kubanduka, ajabu ni kwamba ilibanduka kwenye mabaka meupe peke yake. Daktari wa mifugo alituelezea: sumu inaharibu ini, na ini likishindwa, jua lenyewe linakuwa moto kwa ngozi isiyo na rangi. Akauliza alikula wapi. Baba akanitazama. Nikasema alikata kamba.

Alikufa Jumapili. Dada alikaa nyumbani mwaka mzima, akichota maji na kumsaidia Dani shambani. Kila jioni alikuwa ananisaidia na homuwaki.

Sasa Agosti hii alikuja Nairobi na mtoto wake, akalala kwangu. Asubuhi nikamkuta balkoni amesimama mbele ya ule mtungi. Mmea ulikuwa umependeza sana, sitaki kudanganya. Maua machanga ni ya manjano, yakishachavushwa yanageuka rangi, kama kumwambia nyuki asijisumbue, hapa hamna kitu tena.

"Si huyu ndiye alimuua Ndhiwa?"

Nikamwambia. Yote, hadi matokeo ya mechi, sijui kwa nini. Tulipigwa tatu bila.

Hakugeuka. Alikuwa anachuma matunda mabichi moja moja na kuyaweka kwenye kiganja, maana mtoto wake yuko ule umri wa kutia kila kitu mdomoni.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi nilimfungua jioni ile. Kamba haikuwa imekatika."

"Na hukusema?"

"Ungechapwa. Na mimi bado singeenda shule."

Nikauliza kama Baba alijua pia.

"Wiki iliyofuata alikata ua wote kwa panga, hukumbuki?"

Nakumbuka. Ulichipuka tena kabla ya Krismasi.

Akafunga matunda kwenye tishu, akaniuliza takataka zinawekwa wapi.